Shinai namba 39: chombo kizuri cha kujifunzia upanga, mradi ujue kinapokudanganya

Anayenunua shinai, fimbo ya mwanzi ya kufanyia kendo (mchezo wa Kijapani wa upanga), akidhani amepata katana, upanga halisi wa Kijapani, iliyotengenezwa kwa mwanzi, atasikitika mapema. Anayeinunua akijua kuwa ni chombo cha kupigana kwa nguvu zote bila kuuana, pesa yake haitapotea. Tunachokipima hapa ni shinai ya kawaida ya watu wazima, namba 39, ile inayopatikana katika kila duka la vifaa vya kendo. Na tunaipima kwa swali analolibeba karibu kila mnunuzi mpya hata asipolitamka: kwa kitu hiki ninajifunza upanga, au ninajifunza kupiga fimbo?

Inafundisha vizuri mno mambo ambayo upanga wenyewe hauwezi kuyafundisha, kwa sababu ukijaribu mtu atakufa. Na inafundisha vibaya mambo ambayo hata panga la shambani lingekufundisha kwa asubuhi moja.

Unachokipata

Shinai ni papi nne za mwanzi zilizochongwa na kunyooshwa kwa moto zikae pamoja, katikati zikiacha uwazi. Ndani ya kitako cha mpini kuna kipande kidogo cha bati cha mraba, chigiri, kinachoingia kwenye mkato wa kila upapi ili zisihamehame. Ncha imevikwa kofia ya ngozi, sakigawa, na ndani ya kofia kuna kizibo cha mpira au plastiki, sakigomu. Mpini umevaa soksi ya ngozi, tsukagawa. Kamba iitwayo tsuru inatoka kwenye kofia ya ncha hadi kwenye ngozi ya mpini na kuvishikilia vyote viwili, na kwenye kiasi cha robo ya urefu kutoka nchani, yaani sentimita 30 hivi, kuna ukanda mwembamba wa ngozi, nakayui, unaozibana papi zisitawanyike. Kinga ya mkono, tsuba, pamoja na pete yake ya mpira hununuliwa kando. Kipenyo cha tsuba kisizidi sentimita 9.

Kamba hiyo si ya kufungia tu. Mwanzi ni wa mviringo, hauna makali wala ubapa, kwa hiyo tsuru ndiyo inayohesabiwa kuwa mgongo wa upanga, na upande wa pili wake ndio makali. Pigo halihesabiwi mpaka liwe limetua kwa upande wa makali, tena kwa sehemu ya mbele tu, kati ya ncha na nakayui. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu anapiga kwa makali au kwa ubapa, usitazame mikono yake. Itazame kamba inapoelekea wakati mwanzi unapogusa.

Vipimo, na kwa nini ni virefu kuliko upanga

Kwa mashindano, namba 39 ya mwanaume isizidi sentimita 120 na isipungue gramu 510, ikipimwa pamoja na ngozi na kamba lakini bila tsuba. Ya mwanamke ina urefu huohuo, uzito kuanzia gramu 440. Kipenyo cha kofia ya ncha kisipungue milimita 26 kwa wanaume na 25 kwa wanawake. Tangu 2019 Shirikisho la Kendo la Japani linapima pia mwanzi wenyewe, sentimita 8 kutoka nchani: milimita 21 kwa wanaume, 20 kwa wanawake. Kipimo hicho kiliwalenga wale wanaochonga ncha nyembamba ili shinai iwe nyepesi. Upapi mwembamba ukivunjika hupita kati ya nondo za barakoa.

Sasa weka katana pembeni. Kengee yake kwa kawaida ni sentimita 70 na kidogo, mpini 25 au 26, jumla karibu mita moja. Bila ala ina uzito wa kilo moja au zaidi kidogo. Shinai basi ni ndefu kwa sentimita 20 na nyepesi kwa karibu nusu. Haikutokea kwa bahati mbaya. Shinai za mwanzo, zinazohusishwa na Kamiizumi Nobutsuna wa karne ya 16, zilikuwa mwanzi uliopasuliwa na kutiwa ndani ya mfuko wa ngozi, na kazi yake ilikuwa kuwaepusha wanafunzi na mifupa iliyovunjwa na upanga wa mti. Karne ya 18, baada ya shule ya Naganuma na ile ya Nakanishi kuleta vazi la kinga, watu wakaanza kupigana kwa kasi kamili, na palipo na ushindani hapakosi mtu wa kurefusha mkono. Mpiganaji Oishi Susumu alifika Edo, Tokyo ya leo, na shinai ya zaidi ya shaku 5 (shaku ni kipimo cha kale cha Kijapani), mita moja na nusu na ushei, akawasumbua mabingwa wa mji. Mwaka 1856 chuo cha kijeshi cha Kobusho kikaweka ukomo wa shaku 3 na sun 8 (sun ni sehemu ya kumi ya shaku), kama sentimita 115. Namba 39 ya leo ni shaku 3 na sun 9. Maana yake, urefu unaoushika mkononi ni mapatano yaliyofanywa ili kumaliza ugomvi wa shinai ndefu. Haukupimwa kwenye upanga wowote.

Inapofaa kuliko upanga

Kwa upanga wa mti au wa chuma, mazoezi ya watu wawili lazima yawe ya kupangwa: wewe utapiga hapa, mimi nitatoka hivi. Mwenzako anajua pigo linakuja lini. Shinai inaondoa mapatano hayo. Aliye mbele yako hataki upige, anakuhadaa, anaisukuma ncha yako nje ya mstari wa katikati, na akipata mwanya anakupiga kichwani bila kukuonea haya. Hapo ndipo unapojifunza umbali wa hatua moja pigo moja, kuvunja mstari wa katikati wa mwenzako kabla ya kupiga, kuingia wakati anapovuta pumzi, na kutotikisika anapopiga kelele. Hakuna kata, yaani zoezi la kupangwa lenye hatua zisizobadilika, hata ukiirudia mara elfu, inayoweza kukupa hilo.

Masharti ya alama nayo yanabeba sehemu ya upanga. Sauti, pigo na mguu wa kulia vitue pamoja. Makali yawe yameelekea sawasawa. Baada ya kupiga uendelee kuwa tayari, maana aliyekatwa bado anaweza kukata. Mchezaji aliyegusa barakoa kwa mwanzi halafu akarusha mkono kushangilia hunyang'anywa alama yake. Wageni hudhani ni adabu tu, kumbe kanuni imekumbuka kwamba hicho kilikuwa upanga.

Inapodanganya

Uongo wa kwanza, na mkubwa kuliko yote, ni mlio. Shinai ikigonga barakoa inalia vizuri hata kama makali yamepinda nyuzi 30. Mtu aliyewahi kukata muwa au kufyeka anajua jambo hili bila kufundishwa: panga likiingia limepinda, linakwama au linageuka mkononi. Upanga wa Kijapani ni mkali zaidi lakini unasamehe kidogo kuliko panga. Mkeka wa majani uliokunjwa na kuloweshwa, ambao hutumika kwa mazoezi ya kukata, humwonyesha mwenye kendo ya miaka mingi kasoro ambayo hakuwahi kuisikia. Pigo lililopinda huchimba mkeka kama kijiko na kuusukuma kando, na likizidi, kengee hupinda. Kosa hili huonekana zaidi kwenye pigo la ubavuni. Wengi hugeuza viganja wakiwa wamechelewa, na upande wa mwanzi ndio unaopiga. Waamuzi wakali wanalikataa. Wapole hudanganywa na sauti.

Uongo wa pili ni mahali pigo linapoishia. Katika kendo unabana vidole vya mikono yote miwili mwanzi unapogusa, na pigo linasimama pale kichwani, kisha mwili unapita mbele. Upanga haukati kwa kugonga. Unakata kwa kuendelea na kuteleza, na ule mpindo wake ndio unaousaidia kuteleza. Ukiupeleka mkono wa kendo kama ulivyo kwenye mkeka, kengee inaingia kidogo tu na kusimama katikati. Kubana vidole si kosa, kwani hata mkataji hubana ili kengee isiende mpaka sakafuni. Kinachotofautiana ni wapi anabana.

Uzito. Mapigo madogo ya kendo ya kisasa, ambapo ncha inainuliwa kiasi cha shubiri moja na kushushwa kwenye kifundo cha mkono, yanawezekana kwa gramu 510. Kwa kilo moja na ushei ncha hiyo haipandi wala haishuki kwa wakati uleule. Hatusemi kwamba pigo dogo halina maana, maana kifundo cha mkono si kitu cha kukatwa kwa nguvu nyingi. Tunachosema ni kwamba kasi unayoiona dojoni, ukumbini mwa mazoezi, ni kasi ya mwanzi.

Kisha kuna umbo. Upanga una mgongo mdogo ubavuni mwake, shinogi, na ndio unaotumika kulisugua na kulipeperusha pigo linalokuja. Shinai haina. Mbinu ya kusugua ukipanda, suriage, inafanyika kwa mwanzi, lakini unaifanya kwa mviringo unaoteleza ovyo, na wengi huishia kuubamiza mwanzi wa mwenzao pembeni wakidhani wamesugua.

Na hofu. Wawili wakipigana pamoja kwa wakati mmoja, katika mchezo hakuna anayepata alama na shughuli inaendelea. Kwa makali wote wawili wangezikwa. Anayeinamisha kichwa pembeni ili mwanzi utue begani ameokoa alama na amepoteza bega. Vivyo hivyo ile kinga ya kuinua mikono juu na kuipinda shinai ili kufunika kichwa, kifundo na ubavu kwa pamoja: mwamuzi hana pa kutoa alama, lakini anayejikinga hivyo hana pa kutokea kujibu. Kendo yenyewe inaikemea. Miguu nayo haipigwi katika kendo, kwa hiyo hakuna anayeilinda. Siku mwanakendo anapokutana na mtu wa naginata, silaha ya mpini mrefu yenye kengee nchani, ambaye goti kwenda chini ni halali yake, huvalishwa kinga za miundi na ndipo anapogundua kwamba ana miguu.

Ipi ununue

Ukiwa unaitaka kwa ajili ya upanga, aina ni muhimu kuliko bei. Dukani utakuta zaidi dobari, yenye tumbo nene karibu na mkono na ncha nyembamba. Uzito wake uko mikononi, kwa hiyo ni nyepesi kuichezea na ni rafiki wa mapigo ya haraka. Koto ni ya mtindo wa zamani, unene wake umegawanyika sawasawa na uzito umesogea mbele. Mwanzoni inachosha mabega. Lakini inakulazimisha uinue kwa mikono yote miwili na kuiacha ncha ishuke yenyewe, jambo ambalo upanga utakudai siku ukiushika. Kwa lengo hili tunachagua koto bila kusita.

La pili ni mpini wa yai, koban, uliopewa jina la sarafu ya kale ya dhahabu ya Kijapani. Mpini wa duara unaweza kuzunguka kiganjani usijue. Wa yai hauzunguki, na vidole vinajua makali yalipo hata gizani, kama vinavyojua kwenye mpini wa panga. Kuna na wa pembe nane, nao unasaidia. Tofauti ya bei ni ndogo, na faida yake kwa anayeanza ni kubwa kuliko ya kitu kingine chochote katika orodha ya duka. Urefu wa mpini upimwe hivi: weka kitako kwenye kunjo la kiwiko cha kulia, kisha shika. Mkono ukae chini tu ya tsuba. Mipini mingi inayouzwa ni mirefu kuliko hapo, na mpini mrefu hukuza tabia ya kusukuma kwa mkono wa kulia.

Kuhusu mwanzi wenyewe, keichiku wa Taiwan na China ndio wa bei ya kawaida na ndio unaotosha. Madake wa Japani una nyuzi zilizoshikana zaidi na hupinda kabla ya kuvunjika, lakini bei yake ni ya kukufanya uogope kuitumia. Shinai ya karboni inauzwa kwa bei ya shinai kadhaa za mwanzi na inadumu sana. Mguso wake ni mgumu na haipindi kama mwanzi. Haipigwi msasa kamwe. Ngozi yake ya nje ikichubuka ukaona nyuzi nyeusi, iache siku hiyohiyo. Papi za karboni na za mwanzi zisichanganywe.

Kuitunza, maana hapa ndipo watu wanapoumizana

Shinai mpya haiko tayari kwa matumizi, hata muuzaji akisema nini. Ifungue yote. Pitisha kipande cha pamba kwenye kingo za kila upapi, ndani na nje: pamba ikinasa, pana kibanzi. Lainisha kingo kwa kisu kisha kwa msasa, kwanza namba 240, halafu 400, mpaka kona kali ziwe za mviringo. Kona kali zikibanana wakati wa pigo ndizo zinazozaa vibanzi. Paka nta ya mshumaa kwenye nyuso za ndani papi zinapokutana. Kisha futa mafuta membamba ya mimea, acha usiku mmoja, pangusa. Usiitumbukize kwenye mafuta kwa siku nyingi, maana itakuwa nzito na laini. Mafuta ya nazi tunayaepuka kwa sababu yanaganda palipo na baridi na hayapenyi. Anayekaa mahali pakavu, Dodoma wakati wa kiangazi au Ulaya kwenye nyumba inayopashwa moto wakati wa baridi, apake kila mwezi. Mwanzi mkavu haupindi, unapasuka.

Unapoiunganisha, zungusha papi nafasi moja kutoka zilipokuwa. Kamba inakaa upande uleule daima, kwa hiyo upapi mmoja ndio unaopokea mapigo yote. Ukizizungusha kila mara unapoifungua, zitachakaa kwa zamu. Nakayui izungushwe mara tatu na kukazwa mpaka isisogee kwa kidole gumba. Ikilegea na kuteleza, papi hutawanyika katikati wakati wa pigo. Kamba ikiwa legelege, kofia ya ncha inaweza kuchomoka, na papi nne tupu zikaelekea usoni mwa mtu. Kizibo cha ndani kiwe cha saizi ya tundu. Kikiwa kidogo kinacheza, na siku ya pigo la koo ngozi inabonyea na upapi unatokeza. Ngozi ya ncha yenye tundu haishonwi. Inabadilishwa.

Kabla ya kila zoezi, na tena katikati yake, izungushe mbele ya macho kwenye mwanga. Kibanzi kidogo kinachongwa na kupigwa msasa. Ufa unaokwenda na urefu wa upapi ni mwisho wa upapi huo. Zilizobaki tatu ziweke, zitaoana na za shinai nyingine ya aina na kampuni ileile. Kufunika ufa kwa utepe wa gundi ni kumficha mwenzako hatari yake.

Kinachokamilisha

Shinai peke yake haitoshi kwa anayetaka upanga, na kendo inalijua hilo. Shirikisho la Japani liliandika mwaka 1975 kwamba kendo ni kujenga tabia ya mtu kwa kutumia kanuni za katana, na kanuni hizo zimehifadhiwa kwenye kata. Ongeza bokuto, upanga wa mti, ya mti mgumu wa mwaloni, mwekundu au mweupe, ya sentimita 102 hivi. Ina mpindo, ina mgongo, ina ubapa, na urefu wake ni wa upanga kweli. Kata kumi za kendo, zilizotungwa mwaka 1912, saba za upanga mrefu na tatu ambazo mmoja ana upanga mfupi, zinafanywa kwa hiyo. Ya kwanza inaonyesha pigo la kichwa lililokosa likiendelea hadi chini ya magoti, yaani kukata kikamilifu, si kugonga. Ya tano ina kusugua kwa shinogi, na ya saba ina pigo la ubavu ambalo kwa bokuto haliwezi kufichwa na mlio. Kwa wanaoanza kuna pia mazoezi tisa ya msingi ya bokuto yaliyotolewa mwaka 2003, na ndiyo daraja fupi zaidi kati ya mwanzi na makali.

Upanga wa mazoezi wa aloi usio na makali, iaito, ni kwa ajili ya kuchomoa, kukata hewa na kurudisha alani. Haugongwi na kitu. Wenye mfereji kwenye kengee una faida moja ya kipekee: ukikata hewa kwa makali yaliyonyooka unavuma, ukipindisha unanyamaza au unavuma ovyo. Sauti hiyo nayo inaweza kudanganya, maana mfereji mpana huvuma kirahisi, lakini ni mwongo mdogo kuliko barakoa.

Kwa bajeti ya kuanzia: shinai mbili za koto zenye mpini wa koban, si moja, kwa kuwa ya kwanza itapasuka katikati ya zoezi, bokuto moja, kamba, nakayui na kizibo vya akiba. Na kama unakusudia kushindana, usichague yenye gramu 511 dukani. Mwanzi unaendelea kukauka ndani ya fuko lako na kila kibanzi unachochonga kinapunguza uzito, kwa hiyo ipime bila tsuba na uchukue yenye ziada ya gramu 15 hadi 20.